Jozi Haipimwi kwa Mtu Mmoja: Mjadala wa Walinzi wa UCLA

Mashabiki wa mpira wa vikapu wa vyuo vikuu vya Marekani wana mjadala mmoja usiokwisha: katika historia ya timu fulani, ni walinzi gani wawili waliocheza pamoja vizuri kuliko wengine wote? Mjadala huu huwa mkali zaidi inapotajwa timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ijulikanayo kote kwa jina la UCLA. Timu hiyo imetwaa ubingwa wa mashindano ya NCAA, yanayovikutanisha vyuo vikuu vya nchi hiyo, mara 11. Mataji 10 kati ya hayo yalipatikana chini ya kocha mmoja, John Wooden, kati ya mwaka wa 1964 na 1975. Taji la 11 lilipatikana mwaka wa 1995. Penye mavuno mengi kiasi hicho hapakosi ugomvi wa kugawana sifa.

Makala haya yanashikilia kuwa jozi bora ya walinzi katika historia ya UCLA ni ile ya Walt Hazzard na Gail Goodrich, waliocheza pamoja kuanzia msimu wa 1962/63 hadi 1963/64. Hata hivyo, kutaja majina pekee hakutoshi. Majibu mengi yanayotolewa katika mjadala huu yana kasoro moja kubwa: humpima mchezaji mmoja, kisha humpima wa pili, halafu hujumlisha sifa za wawili hao kana kwamba jozi ni hesabu ya kujumlisha. Kasoro hiyo haiwahusu mashabiki wa michezo peke yao. Inamhusu pia mwanafunzi wa fasihi, ambaye mara kwa mara hukabiliwa na kazi zilizoundwa na mikono zaidi ya mmoja, na ambaye hana budi kujiuliza amsifu nani na kwa kigezo kipi.

Utata wa neno "mlinzi"

Kabla ya kuingia katika mjadala wenyewe, inafaa istilahi ifafanuliwe. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na soka akisikia "mlinzi" humfikiria beki, mtu anayekaa nyuma kuzuia mashambulizi ya wapinzani. Katika mpira wa vikapu wa kisasa picha hiyo inapotosha. Walinzi wawili ndio kwa kawaida wanaoupeleka mpira mbele, ndio wanaoanzisha mashambulizi, na aghalabu ndio wanaotupa mpira kikapuni kutoka mbali. Mmoja wao huwa kiongozi wa mchezo: huamua mpira uende kwa nani, lini, na kwa kasi gani. Wa pili huwa mfungaji: kazi yake kuu ni kutafuta nafasi na kuugeuza mpira anaopewa kuwa alama.

Jina hili lina asili yake. Mchezo huu ulipoasisiwa na James Naismith mwaka wa 1891, kila upande ulikuwa na wachezaji tisa, watatu wakiwa walinzi, watatu wa kati na watatu washambuliaji. Walinzi wa wakati ule walibaki nyuma kweli. Kadiri idadi ya wachezaji ilivyopungua hadi watano na mchezo ulivyobadilika, kazi ya mlinzi ilisonga mbele uwanjani lakini jina halikusonga nalo. Wanaisimu wanalifahamu vyema jambo hili: neno hubaki na umbo lake huku maana ikihama. Kwa hiyo anayetafsiri habari za mchezo huu kwa Kiswahili ana wajibu wa kumwonyesha msomaji kazi iliyo nyuma ya jina, la sivyo mjadala wa "walinzi bora" utageuka kuwa mjadala wa nani alizuia zaidi. Itabainika hapa chini kuwa, kwa jozi ya Hazzard na Goodrich, maana kongwe ya ulinzi na maana mpya ya ushambulizi zilikutana.

Vigezo vya kupima jozi

Kishawishi cha kwanza ni kukimbilia takwimu. Takwimu zina manufaa, ila katika mjadala huu zina mipaka ambayo haiwezi kupuuzwa. Mstari wa alama tatu, unaompa thawabu mfungaji wa mbali, ulianza kutumika katika mashindano yote ya wanaume ya NCAA msimu wa 1986/87. Saa ya kuilazimisha timu kutupa mpira kikapuni ndani ya muda maalumu ilianza msimu wa 1985/86. Pasi zinazozaa vikapu zilianza kuhesabiwa rasmi na NCAA msimu wa 1983/84. Aidha, hadi mwaka wa 1972 wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kuu za vyuo vyao. Anayemlinganisha mlinzi wa mwaka wa 1964 na wa mwaka wa 2008 kwa kutazama safu za nambari peke yake anawalinganisha watu waliocheza michezo miwili yenye sheria tofauti.

Badala yake, makala haya yanapendekeza maswali matatu. Kwanza, je, kila mmoja alimfanya mwenzake awe mchezaji bora kuliko ambavyo angekuwa peke yake? Pili, je, walinzi hao ndio waliokuwa nguzo ya timu, au walikuwa wasaidizi wa nguzo nyingine? Tatu, je, wanahukumiwa kwa yale waliyoyatenda pamoja, au kwa sifa ambazo mmoja wao alikuja kuzipata baadaye? Swali hili la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloharibu hukumu nyingi.

Mwanafunzi wa ushairi hatashangazwa na vigezo hivi. Mshororo wa tarbia ya kawaida una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani nane. Hakuna mhakiki anayeusifu ukwapi kwa uzuri wake akautenga na utao, kwa kuwa kina cha kati hupata uzito wake kutokana na kina cha mwisho kinachokisubiri. Jozi ya walinzi inafaa kusomwa vivyo hivyo.

Wagombea wengine

Jozi ya kwanza inayotajwa dhidi ya Hazzard na Goodrich ni ile ya Lucius Allen na Mike Warren. Hawa walianza pamoja katika misimu ya 1966/67 na 1967/68. Rekodi yao inatisha: katika michezo 60, timu ilishinda 59. Mchezo mmoja waliopoteza ulikuwa dhidi ya Houston tarehe 20 Januari 1968 katika uwanja wa Astrodome, kwa alama 71 kwa 69, mbele ya watazamaji zaidi ya 52,000. Miezi miwili baadaye, katika nusu fainali ya taifa, UCLA ilikutana tena na Houston na kuilaza kwa alama 101 kwa 69. Warren alikuwa kiongozi mtulivu asiyepoteza mpira ovyo; Allen alikuwa mwepesi, mwenye uwezo wa kufunga na kunyang'anya mpira. Kwa swali la kwanza, jozi hii inapata alama nzuri.

Swali la pili ndilo linaloikwaza. Katikati yao alisimama Lew Alcindor, ambaye baadaye alijulikana kama Kareem Abdul-Jabbar, mwenye kimo cha takriban mita 2.18. Ujio wake ulimfanya Wooden abadilishe mfumo wake wa mashambulizi ili mpira ufike karibu na kikapu, alipokaa Alcindor. Ushahidi wa uzito wa nguzo hiyo ulijitokeza msimu wa 1968/69. Warren alikuwa amehitimu na Allen hakuwepo kikosini, yaani jozi nzima iliondoka kwa mpigo. Timu iliingiza walinzi wengine, ikapoteza mchezo mmoja tu msimu mzima, na ikatwaa taji tena kwa kuishinda Purdue kwa alama 92 kwa 72. Alcindor alifunga alama 37 katika fainali hiyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Allen na Warren walikuwa stadi. Hata hivyo, nyumba ambayo haikuanguka walipotoka haikuwa imesimama juu yao.

Hali inafanana kwa walinzi wa enzi ya Bill Walton. Henry Bibby na Greg Lee walianza pamoja msimu wa 1971/72, timu ikashinda michezo yote 30. Bibby alipohitimu, Lee aliendelea na wenzake wengine, na timu ikashinda tena michezo yote 30 msimu wa 1972/73. Katika fainali ya mwaka wa 1973 dhidi ya Memphis State, Walton alitupa mpira kikapuni mara 22 na kufunga mara 21, akamaliza na alama 44. Lee alitoa pasi 14 zilizozaa vikapu katika mchezo huo, nyingi zikiwa za kurushwa juu ili Walton azidakie hewani. Hiyo ilikuwa jozi ya ajabu, lakini ilikuwa jozi ya mlinzi na mchezaji wa kati. Mlinzi wa pili angeweza kubadilishwa bila wimbo kuharibika.

Mwaka wa 1995 ulileta wagombea wengine, Tyus Edney na Toby Bailey. Hakuna shabiki wa UCLA asiyekumbuka tarehe 19 Machi 1995 mjini Boise, wakati timu ilipokuwa nyuma kwa alama moja dhidi ya Missouri huku zikisalia sekunde 4.8. Edney, mwenye kimo cha takriban mita 1.78, aliupokea mpira chini ya kikapu cha timu yake, akakimbia nao uwanja mzima na kufunga. Matokeo yakawa 75 kwa 74. Bailey, aliyekuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alifunga alama 26 katika fainali dhidi ya Arkansas. Tatizo ni kwamba siku ya fainali hiyo Edney alikuwa na jeraha la kifundo cha mkono na alicheza kwa dakika chache mno. Cameron Dollar alichukua nafasi yake, akauongoza mchezo dhidi ya timu iliyosifika kwa kuwabana wapinzani, na UCLA ikashinda kwa alama 89 kwa 78. Ed O'Bannon alimaliza na alama 30. Kilele cha Bailey kilifikiwa pasipo Edney, na kilele cha Edney kilikuwa mbio za mtu mmoja. Ushujaa upo tele. Ujozi ni haba.

Jozi ya mwisho ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi hatari ya swali la tatu. Msimu wa 2007/08 Darren Collison na Russell Westbrook walianza pamoja chini ya kocha Ben Howland. Westbrook alikuja kuwa mchezaji bora wa msimu katika ligi ya kulipwa ya NBA mwaka wa 2017, na Collison pia alicheza miaka mingi katika ligi hiyo. Ukijumlisha yote waliyoyafanya maishani mwao, ni vigumu kupata jozi ya UCLA inayoweza kuwafikia. Hapo ndipo wengi huteleza. Westbrook wa mwaka wa 2008 alikuwa kijana aliyekuwa ametoka kwenye benchi msimu uliotangulia, na sifa yake kubwa chuoni ilikuwa uzuiaji. Alikuwa na wastani wa alama 12.7 kwa mchezo, Collison 14.5, huku mchezaji mkuu akiwa Kevin Love aliyekuwa na 17.5. Timu ilishinda michezo 35, ikafika nusu fainali, na huko ikashindwa na Memphis kwa alama 78 kwa 63. Usiku ule Westbrook alifunga alama 22, ilhali Collison alifunga mbili tu na kutolewa kwa wingi wa makosa. Anayewapa taji la jozi bora anasoma sura ya mwisho ya riwaya kisha anadai kuwa sura ya kwanza iliandikwa hivyo hivyo.

Hazzard na Goodrich

Walt Hazzard alitoka Philadelphia, kijana mweusi aliyekuwa na kipaji cha kuona nafasi kabla haijafunguka. Pasi zake zilikuwa za ghafla kiasi kwamba mwenzake asiyekuwa macho aliweza kugongwa na mpira. Wooden, aliyechukia madoido uwanjani, alilazimika kumzoeza kuupunguza urembo pasipo kuupunguza uoni. Gail Goodrich alikuwa kijana mzungu wa Los Angeles, mwenye kimo cha takriban mita 1.85, anayetumia mkono wa kushoto. Katika shule ya upili alikuwa amezoea kuushika mpira mwenyewe. Alipofika UCLA alikuta mpira una mwenyewe, naye akatakiwa kujifunza kazi ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye kipaji: kucheza bila mpira, kukimbia kuelekea mahali ambapo mpira utafika.

Somo hilo halikueleweka kwa siku moja, na hapa ndipo ushahidi wa jozi hii unapokuwa na nguvu. Msimu wa 1961/62, kabla Goodrich hajajiunga na timu kuu, Hazzard aliifikisha timu nusu fainali, ambako ilishindwa na Cincinnati kwa alama 72 kwa 70. Msimu uliofuata Goodrich aliongezwa. Kwa hesabu ya kujumlisha, timu ilipaswa kuwa bora. Badala yake ilishindwa mara tisa na kuondolewa mapema na Arizona State. Msimu wa 1963/64 watu wale wale wawili, pamoja na wenzao, walicheza michezo 30 wakashinda yote 30. Watu hawakubadilika, kilichobadilika ni uhusiano kati yao, pamoja na mbinu iliyoupa uhusiano huo mahali pa kufanyia kazi.

Mbinu hiyo ilikuwa ya kubana uwanja mzima. Msaidizi wa Wooden, Jerry Norman, alimshawishi kocha huyo aitumie kwa kuwa timu ilikuwa na upungufu mmoja ulio wazi: hakuna mchezaji wa kikosi cha kwanza aliyezidi mita 1.96. Badala ya kuwangoja wapinzani warefu karibu na kikapu, UCLA iliwakabili tangu walipokuwa wakiurusha mpira uwanjani. Wachezaji wawili walisimama mbele, wawili katikati na mmoja nyuma. Goodrich na Fred Slaughter walikuwa mstari wa mbele, Hazzard na Jack Hirsch mstari wa pili, naye Keith Erickson akailinda nyuma. Wa mbele walimsonga mwenye mpira hadi akalazimika kutoa pasi ndefu ya juu, ya polepole na ya wasiwasi. Hazzard aliyekuwa nyuma yao aliisoma pasi hiyo na kuidaka.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba Goodrich, aliyekuwa mbele kwa ajili ya kubana, tayari alikuwa karibu na kikapu cha wapinzani. Mara Hazzard aliponasa mpira, mtu wake wa kumpasia alikuwa mbele yake, mahali panapofaa kufungia. Kuzuia na kushambulia vikawa tendo moja lenye vipande viwili: mmoja akinasa, mwingine akifunga. Ndiyo sababu ilidaiwa hapo awali kuwa kwa wawili hawa neno "mlinzi" lilizirejelea maana zake zote mbili kwa wakati mmoja.

Fainali ya mwaka wa 1964 ilichezwa Kansas City dhidi ya Duke, timu iliyokuwa na wachezaji wawili wenye kimo cha takriban mita 2.08. Duke ilikuwa ikiongoza kwa alama 30 kwa 27. Katika muda usiofika dakika tatu, UCLA ilifunga alama 16 mfululizo huku Duke ikishindwa kupata hata moja. Mchezo ulimalizika kwa alama 98 kwa 83. Goodrich alifunga alama 27, naye Hazzard akatangazwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano. Kwa msimu mzima Goodrich alikuwa na wastani wa alama 21.5 na Hazzard 18.6. Hapakuwa na Alcindor wala Walton wa kuwafichia makosa. Walinzi ndio waliokuwa nguzo, na timu ikawa bingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mataji yote yaliyofuata yalijengwa juu ya msingi huo.

Kuna jambo jingine linalostahili kutajwa. Mwaka ule wa 1964 Marekani ilikuwa katikati ya harakati za kupigania haki za raia weusi, na Duke waliokutana nayo haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Ushirikiano wa Hazzard na Goodrich haukuiponya nchi hiyo, na haitakuwa haki kuutwika mzigo huo. Ila inatosha kusema kuwa mchezo wao ulidai imani ya kiwango cha juu: mmoja kukimbia bila kutazama nyuma, akijua kuwa mpira utakuja.

Hoja za wapinzani

Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo huu ni ya mwaka wa 1965. Hazzard alipohitimu, Goodrich alibaki, akasaidiana na Freddie Goss, na UCLA ikatwaa taji tena. Goodrich alikuwa na wastani wa alama 24.8 msimu ule, na katika fainali dhidi ya Michigan alifunga alama 42. Je, hii haionyeshi kwamba Hazzard hakuhitajika?

Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Kigezo kile kile kilichotumika kuwapunguzia sifa Allen na Warren hakina budi kutumika hapa pia. Hata hivyo, kesi hizi mbili hazifanani. Mwaka wa 1969 walinzi wote wawili walikuwa wameondoka na timu ikaendelea kwa sababu nguzo ilikuwa kwingine. Mwaka wa 1965 aliondoka mmoja, na aliyebaki alikuwa nusu ya nguzo yenyewe. Isitoshe, Goodrich wa mwaka wa 1965 hakuwa yule wa mwaka wa 1963. Aliushika mpira tena, lakini sasa akiwa mtu aliyekwisha kujua thamani ya kukimbia bila mpira. Hilo alilipata kwa miaka miwili aliyocheza kando ya Hazzard. Jozi njema humwachia mmoja kitu cha kuondoka nacho.

Hoja ya pili ni kwamba sifa hizi ni za timu nzima. Kenny Washington, ambaye hakuwa katika kikosi kilichoanza, alifunga alama 26 katika fainali ya 1964. Erickson alikuwa muhimu nyuma, na wazo la kubana lilikuwa la Norman. Yote haya ni kweli, na jifya moja haliinjiki chungu. Lakini swali la mjadala ni la jozi, na katika kikosi kile walinzi wawili ndio walioyaunganisha mafiga mengine.

Hoja ya tatu hutajwa kwa nadra ingawa inasaidia zaidi kuliko zote kuelewa suala hili. Hazzard na Goodrich walikuja kucheza tena pamoja katika timu ya kulipwa ya Los Angeles Lakers kati ya mwaka wa 1965 na 1967. Huko walimkuta Jerry West, mmoja wa walinzi wakubwa wa kizazi chake, na hawakuwa tena kitovu cha timu. Maajabu ya 1964 hayakujirudia. Kwa anayejumlisha vipaji, hili ni fumbo. Kwa anayeisoma jozi kama uhusiano uliozaliwa mahali fulani na kwa wakati fulani, ni jambo la kutarajiwa.

Funzo kwa mhakiki

John Wooden alisomea Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Purdue, ambako yeye mwenyewe alikuwa mlinzi mashuhuri, na kabla ya kuwa kocha wa chuo kikuu alifundisha somo hilo katika shule za upili. Huenda si ajabu kwamba mwalimu wa lugha ndiye aliyewafunza vijana wake kuwa pasi ni kauli, na kauli haijakamilika hadi ipate mpokezi.

Katika fasihi kosa la kujumlisha hujitokeza kwa sura nyingine. Tamthilia ya Mzalendo Kimathi, iliyotoka kwanza kwa Kiingereza mwaka wa 1976, iliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Micere Githae Mugo. Lakini ni mara ngapi mijadala ya darasani huitaja kama kazi ya Ngũgĩ, kana kwamba Mugo alikuwa mpitia rasimu tu? Sababu ni ile ile inayowafanya mashabiki wampe Westbrook taji la mwaka wa 2008: jina lililokua zaidi baadaye hurudi nyuma na kuumeza ushirikiano wa awali. Mhakiki mwadilifu anapaswa kuirudia kazi yenyewe na kuuliza nini kilizaliwa kati ya waandishi wawili ambacho hakuna aliyekizaa peke yake.

Mjadala wa walinzi wa UCLA utaendelea, na ni vyema uendelee, hata kwa Kiswahili, lugha isiyopungukiwa na uwezo wa kuubeba. Atakayewatetea Allen na Warren, au Edney na Bailey, ana haki ya kufanya hivyo, mradi aueleze uhusiano wa wawili hao badala ya kuzipanga sifa za kila mmoja kando. Kwa kigezo hicho, Hazzard na Goodrich bado hawajapata mshindani: mwaka wa kwanza walikuwa wachezaji wawili hodari walioshindwa mara tisa, na mwaka wa pili walikuwa jozi ambayo haikushindwa hata mara moja.